Habari za Mwishehe Pazi na Kutwaliwa kwa Siti

Enyi wakazi wa Mbweni na Mbezi Beach, nanyi mliojenga juzi huko ndani ndani ambako barabara haijapewa jina, nanyi watu wa Temeke ambao bila soko lenu habari hii isingekuwapo, acheni kwa muda mnachokifanya mje msikilize! Aliye na simu aizime sauti, aliye na chungu jikoni apunguze moto, na mwenye kiti akikalie vizuri huku akimshukuru Mola wake, maana habari ninayowaletea ni habari ya kukaa, na thamani ya kukaa haijui mtu mpaka anyimwe. Nitawasimulia vita vya Mwishehe mwana wa Pazi, Kifaru wa Matope, Mwenye Mapaja Yasiyochoka, Ngao ya Mbweni yote mpaka kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, ambaye katika msimu mmoja wa masika alitoka kwenda kutafuta siti ya baiskeli, akaipata.

Mtauliza mwandishi amezijuaje habari hizi kwa undani kiasi hicho. Nimezijua kwa sababu Mwishehe ni mimi. Nilitafuta mtu wa kuniandikia nikakosa. Kila niliyemweleza alisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye neno siti, kisha akakumbuka kuwa ana safari. Basi kalamu nimeishika mwenyewe, na hayo majina ya utukufu mtakayokutana nayo humu nimejipa mwenyewe yote, bila msaada wa mtu.

Yafaa mjue kwanza shujaa huyu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa karani wa bima, mwenye kitambi cha wastani na umri wa kutosha kuamkiwa shikamoo na watu wenye ndevu, ambaye siku moja aliona vijana wakiendesha baiskeli kwenye matope ya bonde la Mpiji akahisi, kwa ghafla na bila ushahidi wowote, kwamba yeye pia alizaliwa kwa kazi hiyo. Mbio hizo huitwa saiklokrosi. Ndani yake mtu huendesha baiskeli kwenye tope, akifika kwenye ubao uliowekwa njiani kwa makusudi hushuka, huibeba baiskeli begani kama mgonjwa anayekimbizwa zahanati, hupanda nayo mlima akikimbia, kisha bila kusimama huirukia siti kwa paja moja na kuendelea. Kisha hufanya hivyo tena. Hakuna anayemlazimisha.

Sasa siti ya baiskeli yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika nchi za watu, ilikuwa nyembamba na ngumu, nayo ilikuwa na chuki binafsi. Nilipoirukia mara ya kwanza niliona nyota, na ilikuwa saa nne asubuhi. Nilivumilia, kwa kuwa mashujaa huvumilia, na kwa kuwa nilikuwa nimeshawaambia watu kazini. Ofisini nilianza kuandika nikiwa nimesimama mbele ya meza yangu, na mkubwa wangu, alipoona jinsi nisivyokaa kutwa nzima, alinisifu mbele ya wenzangu kwa ari ya kazi.

Lakini aibu iliyokuwa ikinivizia ilinikuta kwenye hitima ya jirani. Wanaume wote walikuwa wamekaa mikekani, masinia ya pilau yanashuka, nami nilijaribu kukaa upande wa kulia nikashindwa, nikajaribu wa kushoto nikashindwa, nikainuka na kusimama kando ya mlango nikijifanya napunga upepo. Mzee mmoja aliyeniona nimesimama hivyo aliniita akaninyooshea mikono, kwa kuwa alinidhania miongoni mwa wahudumu. Ningefanyaje? Nilichukua birika na beseni nikamnawisha, kisha nikamnawisha aliyekuwa jirani yake, na mpaka dua inasomwa, Kifaru wa Matope alikuwa amewanawisha mikono waombolezaji wote wa upande wa kibla.

Habari hizo zilimfikia dada yangu Najma kabla sijafika nyumbani. Najma ni mdogo wangu wa mwisho, naye huishi kwenye nyumba ya marehemu baba yetu, hatua chache kutoka kwangu. Alikuwa anakaribia kuolewa. Alinikuta nimeegemea ukuta wa uani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, ewe nuru ya nyumba ya Pazi."

"Nimeambiwa umenawisha watu mikono kwenye hitima."

"Nilikuwa nauhudumia umma," nilijibu kwa sauti nzito.

"Ulikuwa huwezi kukaa. Usinizuge, mie si mtoto." Akaikunja khanga yake kiunoni, ishara ambayo katika ukoo wetu hutangulia vita. "Sasa nisikilize. Jumapili ya wiki ijayo, baada ya alasiri, Khalfani atakaa kwenye mkeka pale msikitini, na mbele yake atakaa walii wangu. Atakaa, kaka, sio atasimama kama mlinzi wa benki. Baba hayupo. Babu hayupo. Umebaki wewe. Mie sitaki sheikh apewe uwakili, sitaki kuozeshwa na mtu wa kuazima. Nataka mkono utakaoshika mkono wa Khalfani uwe wako. Lakini kama huwezi kukaa kitako kuanzia hotuba mpaka dua, niambie mapema, nimuachie ami Mbwana."

Ami Mbwana, mdogo wake baba, ni mtu mwema, ila wema wake hauna mwisho wa kusimuliwa. Zamani alimsindikiza mtu hospitali, na mpaka leo mtu huyo akipona hata mafua, ami husubiri kushukuriwa. Akimwozesha Najma, basi kila Idi, kila mtoto atakayezaliwa, kila mtoto atakayeota jino, tungesikia jinsi mwana wa Pazi alivyoshindwa kukaa na jinsi yeye alivyoiokoa ndoa. Lakini hilo ni la kucheka. La kweli ni kwamba baba aliponishika mkono kwa mara ya mwisho hakuniambia mengi, aliniambia nimtazame Najma tu, na mimi niliitikia. Nilitaka sana kuwa pale mkekani.

"Na hizo mbio zenu ni Jumamosi, siku moja kabla," Najma aliendelea. "Si uziache?"

Kuziacha kulikuwa jambo jepesi, la busara na la bure, ndiyo maana halikuwa limenijia akilini. Nilimweleza kwamba neno la mwana wa Pazi halirudi nyuma, kwamba nimeshamwahidi mwenzangu Praygod, na kwamba fulana zimeshachapwa, na yangu ina jina KIFARU mgongoni.

Najma alinitazama juu mpaka chini. "Basi tafuta siti ya kukalika, Kifaru," akasema, akaondoka.

Hivyo ndivyo vita vilivyotangazwa. Ilitakiwa siti ngumu kiasi cha kurukiwa matopeni bila kuchanika, na ya upole kiasi kwamba aliyeirukia Jumamosi aweze kukaa mkekani Jumapili. Niliitisha baraza la vita kibarazani kwa Praygod, kule Mbezi Luis. Praygod ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kutoka Kilimanjaro, mrefu na mkarimu, na katika mbio zetu zote hunitangulia kisha hunisubiri. Alisimama, akaweka kikombe cha chai chini, akahutubia.

"Braza Mwishehe, hii ishu mbona nyepesi? Wewe unaumia kwa sababu siti yako ni ngumu. Kinyume cha ngumu ni laini. Tafuta siti laini kuliko zote zilizoko Dar es Salaam, funga, maliza. Mimi nakwambia Jumapili utakaa mpaka watu wakuombe uinuke."

Nilimwona kama mjumbe aliyeteremshwa. Tulikubaliana papo hapo, kama wafanyavyo watu wasiojua kitu wote wawili.

Siti ya kwanza, basi, niliitwaa dukani pale pale Mbezi. Ilikuwa pana kama sinia, imejazwa sponji, na chini yake kuna springi mbili nene. Niliibonyeza kwa kidole, kidole kikazama. Niliipa jina Malkia wa Godoro, nikaifunga, nikaenda nayo bondeni Jumapili iliyotangulia ile ya ndoa, mvua ikinyesha, na Praygod akasimama kando kuushuhudia ushindi.

Enyi mnaosikiliza, sijui niyaeleze vipi yaliyofuata bila kulia. Malkia alikunywa mvua. Alikunywa taratibu, akanenepa, na kila nilipokaa alitema maji yote kwenye kaptula yangu kisha akaanza kunywa upya. Nilipoubeba mzigo ule begani, nikaushinda mlima, nikauweka chini na kuruka kwa nguvu zote za ukoo wetu, springi zilinipokea, zikatafakari, na kunirusha. Nilipita juu ya usukani. Nilitua kwenye tope kifudifudi, mikono mbele, na Praygod aliniambia baadaye kwamba kwa mbali ilipendeza. Na kwa kuwa siti ile ilikuwa pana, ilikuwa imenisugua mapaja kwa ndani kila nilipokanyaga pedeli. Sasa sikuweza kukaa wala kutembea sawasawa. Nilirudi nyumbani nimepanua miguu, na watoto wa mtaani wakawa wananiuliza kama nimetoka jando.

Siku mbili sikutoka. Siku ya tatu, Jumatano, niliomba ruhusa kazini nikashika njia ya Temeke, ambako niliambiwa yupo mtu aitwaye Kasimiri mwenye siti nyingi kuliko baiskeli zote za Mbweni. Safari ilikuwa ndefu, kutoka kaskazini ya jiji mpaka kusini yake. Ndani ya basi msichana mmoja mwenye adabu aliinuka, akasema, "Shikamoo baba, njoo ukae," nami nilimjibu kwamba wanaume wa kwetu husafiri wima. Alinihurumia, nikaona machoni kwake. Kiti kile kilibaki kitupu mbele yangu safari nzima, nami nikakitazama.

Duka la Kasimiri lilikuwa kibanda cha mabati ambamo siti zilining'inia darini kama popo, za kila kabila: nyembamba, pana, za watoto, za michezo, zilizochanika na zilizoshonwa. Nje alikuwa amesimika bomba kwenye tairi lililojazwa zege, na juu ya bomba hilo mteja hufungiwa siti anayoitaka, akakaa, akapima. Kasimiri mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye tabasamu la daima. Niliingia nikatoa salamu zangu kwa kirefu, nikamweleza nasaba yangu, mbio zangu, dada yangu na majeraha yangu.

"Karibu sana, mzee wangu," akasema. "Hapa kwangu kuna sheria moja. Kujaribu bure, jaribu mpaka uchoke. Ila kitu kikishatoka hapa hakirudi. Hata ukilia. Wamelia wengi."

Niliikubali sheria hiyo, kisha nikapanda juu ya bomba. Ya kwanza ilinichoma, nikaiteremsha. Ya pili ilinipokea vizuri upande mmoja tu. Ya tatu ilikuwa na pua ndefu ambayo sipendi kuikumbuka. Watu walianza kukusanyika, kwa maana si kila siku mtu mzima aliyevaa shati la ofisini huonekana amekaa hewani katikati ya soko amefumba macho. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga chapati upande wa pili alianza kutoa maoni. "Hiyo haikukai, baba," alisema. "Hiyo nyingine ilikupendeza. Hebu irudie." Wengine wakagawanyika makundi mawili, kundi la siti nyeusi na kundi la siti ya kahawia, na sauti zikapanda.

Ndipo ilipoteremshwa ile. Haikuwa laini, wala haikuwa ngumu. Ngozi yake ya bandia ilikuwa nene, pembe zake zimezungushiwa mshono wa mara mbili, pua yake fupi na ya mviringo ili kaptula isinase wakati wa kuruka, na katikati ilikuwa na mfereji. Niliikalia. Mifupa yangu miwili ya chini, ambayo tangu masika yaanze haikuwa na makao, ilitua mahali pake, mmoja huku na mwingine kule, na sehemu nyingine zote za mwili zikaachwa kwa amani. Nilifumbua macho nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye chapati, "Hii!" Na watu wa Temeke wakashangilia, hata wale wa kahawia.

Kasimiri aliifungua kutoka bombani, akaifuta kwa kitambaa. Ilikuwa mpya kabisa, bado imevishwa nailoni yake ya kiwandani, imebana kila upande na kubanwa pini kwa chini. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Neno la mwisho, mzee wangu. Nailoni usiitoe. Hiyo ndiyo inayoitunza. Ukishaitoa tu, umeanza kuizeesha. Matope, jua, mvua, vyote vinaishia juu ya nailoni, siti yenyewe chini iko mpya. Utawaachia wajukuu."

Nani kati yenu angebisha? Mimi nimekulia chini ya sheria hiyo. Kwetu rimoti ina nailoni, godoro lina nailoni, redio ya marehemu baba ina nailoni, na sofa zake tatu alizozinunua mimi nikiwa shule ya msingi hazijawahi kuonwa na hewa. Niliposikia maneno yale niliona nimekutana na mtu wa kwetu. Nilimshukuru, nikairudisha nyara yangu Mbweni nikiwa nimeikumbatia kifuani, wima.

Alhamisi jioni tulikuwa bondeni. Tope lilikuwa limeiva. Nilikimbia na baiskeli, nikaushinda mlima, nikaruka, nikatua barabara juu ya siti, na siti ikanipitisha. Hakukuwa na ugomvi wowote. Niliteleza kuelekea nyuma kwa utulivu, nikakaa juu ya tairi lililokuwa likizunguka, na tairi likanifanyia yake. Niliinuka. Niliruka tena, safari hii nikijizuia nisirudi nyuma, nikateleza kwenda mbele, na kwenye baiskeli ya kiume huko mbele kuna bomba la chuma. Hapo kitabu hiki kitanyamaza kidogo.

Nilirudia mpaka giza likaanza kuingia. Nailoni ikiloa tope haishikiki. Mikunjo yake ikawa inanifinya, na pale ilipochanika kidogo pembeni ikawa inanikata. Praygod alikuwa kando akikuna kichwa.

"Siti nzuri hii, braza," alisema kwa huzuni. "Labda shida ni wewe."

Hakusema lolote kuhusu nailoni. Asingeweza. Saa yake ya mkononi ina nailoni usoni mpaka leo, naye husoma saa kwa kuinamisha mkono kwenye mwanga.

Ijumaa, baada ya sala, niliikokota baiskeli mpaka kwenye nyumba ya baba. Nilikuwa nimesali kwa taabu kubwa, na kila kikao kilikuwa vita. Nilikuwa nimeshindwa, enyi watu. Nilimkuta Najma sebuleni anapanga vyombo vya walima, maana ndugu wa mbali walikuwa wanaanza kuwasili kesho yake, nikasimama mlangoni nikaandaa hotuba ya kushindwa.

"Najma binti Pazi," nikaanza, "majeshi yangu yamevunjika. Mwambie ami Mbwana aandae kanzu yake."

Alitoka nje, akaizunguka baiskeli mara moja, akainama kuitazama siti. Kisha akaigusa kwa kidole.

"Kaka, mbona ina nailoni?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa hoja, kuhusu jua, mvua, matope, kudumu, na wajukuu. Nilizungumza kwa ufasaha ambao sijawahi kuupata ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akatazama ndani kupitia mlango, pale zilipo sofa zinazong'aa.

"Unakumbuka baba alivyokuwa akikaa pale?" akauliza. "Lile joto la Februari. Alikuwa akiinuka, ile nailoni inambandua mgongo. Mama akimwambia aitoe, anasema tuziache, tukipata wageni wa maana tutazifungua. Siku ya msiba wake tulizitoa sofa nje ili watu wapate pa kutandika mikeka. Zikakaa uani. Mtu mmoja akasema, sofa za marehemu bado mpya."

Akajifuta kidole kwenye khanga.

"Hajawahi kukalia kitambaa chake, kaka. Hata siku moja."

Nilikuwapo siku ile, nami nilisikia yule mtu akisema, na ninavyokumbuka nilijivunia. Sasa nilisimama uani nikaona uchungu mwingi sana, kwa ajili ya mzee wangu na mgongo wake, na sikujali kama yupo anayeniona.

Kisha, enyi wasikilizaji, kikatendeka kile kitendo ambacho kwa ajili yake wino huu umemwagwa. Mwishehe mwana wa Pazi aliukunja mkono wa kanzu. Alitia kucha chini ya nailoni, mahali pale ilipochanika, akavuta. Nailoni ilikataa. Ilikuwa imebanwa kwa pini na watu waliojua kazi yao. Alivuta upande wa pili, ikarefuka kama ubani uliotafunwa, ikamrudia kwenye vidole. Najma alimletea kisu cha kukatia vitunguu, naye akakikataa kwa kiburi, kisha akakichukua. Akang'oa pini ya kwanza, na ya pili, akainama akaing'ata kwa meno pale kwenye pua, na kwa mlio uliomwamsha paka wa jirani, nailoni ile ilitoka yote kwa pamoja, ikabaki mkononi mwake imekunjamana, haina tena cha kutunza.

Chini yake siti ilikuwa nyeusi isiyong'aa, yenye vinundu vidogo vya kushikilia. Niliipanda pale pale uani, kwa kanzu. Nilitikisika mbele, nikatikisika nyuma. Sikwenda popote.

"Imeshika?" Najma aliuliza.

"Imeshika."

"Haya. Kesho uvae kaptula."

Jumamosi mbio zikapigwa, mvua ikashuka, na matope ya Mpiji yakapokea watu wa kila tabaka. Niliruka juu ya siti ile kila mzunguko, na kila mara ilinipokea mahali nilipotua na kuniacha hapo hapo. Historia inalazimika kusema kwamba nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, na kwamba kati ya wawili niliowashinda, mmoja alipasukiwa tairi na mwingine alisimama kupokea simu ya mkewe. Praygod alinisubiri kwenye mstari, kama kawaida, ameshaoga.

Lakini ushindi haukuwa huko. Jumapili alasiri, kabla ya kwenda msikitini, niliingia chumbani kwa Najma kumuomba idhini yake kama ada inavyotaka. Alikuwa amejaa hina na udi, wanawake wamemzunguka, shangazi anamshikia mtandio.

"Najma, dada yangu, unaniruhusu nikuozeshe kwa Khalfani?"

"Kaa kwanza," akasema.

"Najma!" shangazi akashtuka. "Ndiyo unavyomjibu walii?"

"Akae, shangazi. Nataka nimuone."

Nilikaa sakafuni, mbele ya wanawake wote wa ukoo wetu, kitako, miguu nimeikunja. Alinitazama usoni kwa muda akitafuta hata dalili ya kukunja uso. Hakuipata. Macho yake yakajaa maji akacheka, na shangazi akamwambia wanja utaharibika.

"Nimeruhusu," akasema.

Msikitini mkeka ulikuwa umetandikwa karibu na mihrabu. Khalfani alikaa, magoti yake yakakutana na yangu. Ami Mbwana alikuwa amejipanga nyuma yangu kabisa, joho jipya, kofia ya kushonwa kwa mkono, tayari kuniokoa. Na sheikh, ambaye siku nyingine hufupisha, siku hiyo alipata hamu ya kufafanua. Alianza na haki za mke, akaingia haki za mume, akaenda kwa mashemeji, akarudi kwa mke. Nilimsikia ami nyuma yangu akisogea kila nilipovuta pumzi. Miguu ilinifa ganzi. Kiuno kilinikaza. Lakini pale chini, pale penyewe, palikuwa pametulia.

Kisha nikashika mkono wa Khalfani. Ulikuwa umelowa jasho, nami nilimpenda kwa hilo. Nikasema maneno, moja baada ya jingine, jina la dada yangu na jina la baba yetu, naye Khalfani akasema amekubali, na watu wote wakaitikia dua.

Watu waliinuka. Walikumbatiana, walipeana mikono, halua ikaanza kupitishwa, ubani ukazungushwa. Mimi sikuinuka. Ami Mbwana aliinama juu yangu, sura imejaa matumaini.

"Vipi Mwishehe, umenasa? Nikuitie vijana wakunyanyue?"

"Hapana, ami," nikamwambia. "Nimekaa tu."

Basi na iandikwe mahali watakaposoma wanaokuja, iandikwe kwa wino usiofutika, kwamba katika masika ya mwaka huo, Najma binti Pazi alipoolewa, kaka yake alikaa.